Mama, Utaamka Saa Ngapi?

 

Wanaotufuata wiki hadi wiki wanawajua wenyeji wa nyumba hii. Yuko kifungua mimba, binti wa miaka tisa, ambaye tangu aanze kuhifadhi Juzuu Amma amejiteua kuwa kadhi wa familia. Yuko wa kati, mvulana wa miaka sita, mpole, msikivu, mwenye kuchukua kila neno kama alivyopewa. Na yuko kitinda mimba wa miaka mitatu, ambaye usingizi wake wa mchana ni adimu kuliko mvua ya Januari. Kisa cha wiki hii ni cha yule wa kati. Kilianza kwa kicheko, nasi tuliendelea kucheka hata pale tulipopaswa kunyamaza.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya Adhuhuri. Kitinda mimba alikuwa amelala kwa muujiza. Sinia lilikuwa mkekani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari na pilipili ya kukaanga. Mkono ulikuwa haujafika kinywani simu ilipolia, na kwenye kioo lilionekana jina la shangazi yao. Huyu ni mtu tumpendaye kwa dhati, lakini mazungumzo yake, Mwenyezi Mungu amzidishie pumzi, huanza na joto la leo na kwenda kutia nanga kwenye harusi ya mwaka juzi. Tukautazama wali, tukaitazama simu. Tukamnong'oneza wa kati: "Mwambie mama amelala."

Mtoto alipokea kwa adabu zake zote. "Shikamoo, shangazi. Mama amelala." Akasikiliza kidogo. Kisha akatugeukia, simu ingali sikioni, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, shangazi anauliza utaamka saa ngapi?"

Tulipaliwa na wali. Baba yao aliinuka akijifanya anatafuta chumvi, nayo chumvi ilikuwa mbele yake. Kutoka ndani ya simu tulimsikia shangazi akicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Mwambie akiamka asisahau kumeza."

Wiki nzima kisa hiki kilikuwa mali yetu. Tulikisimulia barazani, tukakisimulia kwenye kisomo cha wanawake, tukakisimulia tena kwa waliokwisha kukisikia. Mmoja tu hakucheka sana, naye ni kadhi wetu. Siku ile ile, tulipokuwa tukiondoa sinia, aliuliza: "Lakini mama, si chuoni tumefundishwa kuwa uongo ni haramu?" Tukamjibu upesi, kama ajibuvyo mtu mwenye mikono iliyojaa vyombo: "Ule si uongo, mwanangu. Ile ni adabu, ili shangazi asione vibaya."

Wa kati alikuwa bado ameketi mkekani akichambua miba ya samaki. Tulidhani hasikii.

Siku chache baadaye jirani yetu wa uchochoroni akaanza kubadilisha paa. Mafundi wakashusha mbao kuukuu na kuzilundika ukutani, na misumari yake ingali imechomoza. Kwa watoto wa mtaa lundo lile likawa jahazi, ngome na soko kwa pamoja. Viatu vyote vilikuwa vikiachwa pembeni, kwa kuwa nahodha, kama tulivyoelezwa, havai ndara. Tulikataza mara moja, tukakataza mara ya pili. Ya tatu tulichoka, tukaonyesha kidole jikoni, pale uliposimama mchi wa kinu cha nyanya yao, mrefu kuliko mtoto mwenyewe. Tukamwambia: "Ukicheza pekupeku pale utapelekwa hospitali, na huko utadungwa sindano kubwa kama ule mchi."

Maneno yalifanya kazi kwa siku mbili. Ndara zilivaliwa, nasi tukajipongeza kwa ulezi wetu bora.

Jumatatu iliyofuata wa kati alirudi kutoka shuleni, akavua sare yote isipokuwa soksi. Wasomaji wetu wanaijua Kaskazi inavyotuunguza. Paka walikuwa wamejinyoosha kwenye sakafu ya msana kama nguo zilizoanguka kambani, na mwanetu akitembea kwa soksi nyeupe ndefu hadi magotini. Jioni hakuzivua, na usiku akalala nazo. Tulipomuuliza sababu, alitazama chini, kisha akasema taratibu: "Kwa sababu ya swala. Kama babu."

Babu yao huvaa khuffu za ngozi anapokwenda Alfajiri. Moyo wetu ukayeyuka kama samli juu ya mkate wa moto. Tukampigia baba yao kazini kumpa habari. Tukamwambia nyanya yao, naye akasema "Mashallah" na kumtengea vipande viwili vya kashata. Tukawadokeza na majirani, kwa unyenyekevu wa kujidai, kwamba wapo watoto ambao Sunna huingia moyoni mwao bila ya kusukumwa. Baba yao alikumbusha kwa utani kwamba kifikihi mkazi hupangusa juu ya khuffu mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu. Ilipofika Jumatano tulicheka kwamba mwanetu amejipa ruhusa ya msafiri na hata kivuko cha Likoni hajakivuka.

Usiku huo, tukiandaa chakula, kadhi alisimama mlangoni akamtazama nduguye. "Mama," akasema, "ni swala gani hii inayomfanya achechemee?"

Nyanya yao hakusema neno. Alimvuta mtoto, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa haraka. Mtoto alikuwa na homa. Akaanza kuivuta soksi ya mguu wa kulia, nayo haikutoka, kwa kuwa ilikuwa imegandamana na unyayo. Ilibidi tuiloweshe kwa maji ya uvuguvugu. Chini yake palikuwa na tundu dogo la msumari, nyama kuizunguka imevimba na kuwa nyekundu, na usaha umeanza kukusanyika.

"Mwanangu, kwa nini hukutuambia?"

Hakujibu. Macho yake yalikwenda jikoni, yakatua juu ya mchi.

Tulipanda tuktuk usiku ule ule. Alikuwa mapajani mwetu, amefunikwa leso, moto wa mwili wake ukitupenya nguoni. Karibu na mzunguko wa barabara akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, utaingia wote?" Hatukuelewa mpaka aliponyoosha mikono kuonyesha urefu wa mchi. Siku tatu mtoto wa miaka sita alikuwa amebeba maumivu na hofu hiyo peke yake, huku sisi tukimsifu kwa ucha Mungu.

Daktari wa zamu alisafisha jeraha, akaomba kijitabu cha kliniki, akahakikisha kwamba zile chanjo za wiki 6, 10 na 14, ambazo ndani yake mna kinga ya pepopunda, zilikuwa zimekamilika. Alitueleza kwamba jeraha la msumari hudanganya. Juu huziba upesi na kuonekana dogo, ilhali vijidudu vimefungiwa ndani kusikofika hewa, na hapo ndipo vile vya pepopunda hupenda kukaa. Jeraha kama hilo huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni, na mtoto hupelekwa kuonwa siku hiyo hiyo, hata kama halitoki damu. Akauliza mtoto alichomwa lini. Tukasema ni siku ya tatu. Hakutukaripia, na laiti angetukaripia ingekuwa nafuu.

Kisha akaingia muuguzi na kisahani chenye bomba la sindano. Mwanetu hakumtazama yeye. Alinyoosha shingo kuutazama mlango uliokuwa nyuma yake.

"Mchi uko wapi?" akauliza.

"Mchi gani, baba?" muuguzi akasema.

Sisi tuliitazama sakafu kwa makini, kama watu waliopoteza kitu pale. Mtoto akadungwa, akalia kidogo, kilio cha sindano ndogo, kikaisha kabla ya pamba kubandikwa.

Njiani kurudi alikuwa amechangamka. "Mama, ulisema ni kama mchi."

"Ndiyo, tulisema."

"Haikuwa kama mchi."

"Haikuwa."

Akafikiri kwa muda. Kisha akauliza, bila ya kejeli wala lawama, kwa kutaka tu kujua: "Ile nayo ilikuwa adabu?"

Hatukuwa na jibu. Tuliona wazi ni wapi alipojifunza kwamba jambo gumu hufunikwa kwa neno zuri. Sisi tulimfunika shangazi kwa usingizi, naye akafunika jeraha kwa swala. Mwanafunzi alikuwa amemzidi mwalimu.

Upo mkasa unaosimuliwa na Abdullah bin Amir (R.A.), nao umo katika Sunan Abi Dawud. Alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani mwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Mama akasema ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tumeusikia mkasa huu mara nyingi katika mawaidha, na kila mara tuliufikiria upande wa mama na daftari lake la amali. Usiku ule ndipo tulipoufikiria upande wa mtoto aliyesimama pale amenyoosha mkono. Mtoto anayefika na kukuta mkono mtupu hukumbuka, na siku nyingine akiitwa hatakuja. Au siku ana jeraha, hatasema.

Dini haikutunyima utani. Mtume (S.A.W.) alitania, wala hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Akaulizwa, kwani ngamia huzaliwa na nani isipokuwa ngamia? Hapo pana kicheko, na hapana neno hata moja la uongo.

Asubuhi yake tuliketi na mtoto mkekani, tukamwomba radhi. Tunajua wapo waonao kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi hujishusha. Tulimtazama nyanya yao tukitarajia kukemewa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitulea kwa vitisho. Akaliweka kando bakuli la mbaazi, akasema: "Sisi tuliwatisha kwa zimwi, na hilo nalijutia. Lakini zimwi halikuwa na dawa mkononi. Nyinyi mwawatisha watoto kwa daktari. Siku mkimhitaji, mtamwita nani?"

Baada ya hapo tukamweleza wa kati mambo kama yalivyo: kwamba msumari huingia mguuni, kwamba jeraha likifichwa huoza, kwamba sindano huuma kidogo na maumivu yake hupita, na kwamba akija kwetu na jeraha hatutaanza kwa kumgombeza. Alimaliza dawa zake, na baada ya siku kumi, alhamdulillahi, alikuwa akikimbia tena. Mafundi wameziondoa zile mbao. Ndara sasa huvaliwa mara nyingi, si kila mara. Twalisema hili kwa sababu tumeahidiana kusema kweli.

Na ahadi hiyo ilijaribiwa mapema. Jumapili iliyopita, sinia likiwa mkekani, simu ililia. Shangazi. Tukatazamana na baba yao. Watoto wote watatu wakaacha kutafuna. Tukamwambia wa kati, kwa sauti ya kawaida, bila ya kunong'ona: "Mwambie mama anakula, atakupigia baada ya Alasiri."

Akapokea. "Shikamoo, shangazi. Mama hajalala leo. Anakula." Akasikiliza. "Biriani." Akasikiliza tena, akainama juu ya sinia kulikagua. "Ndiyo, imebaki nyingi." Kisha akatugeukia, uso umejaa furaha ya mtu aliyetimiza amana yake: "Mama, shangazi anasema yuko njiani."

Alikuja, akala, akakaa hadi adhana ya Magharibi. Tulipitia joto la leo na harusi ya mwaka juzi, na safari hii tukasikia hata mahari yalivyojadiliwa. Ukweli ule ulitugharimu sahani mbili za biriani na alasiri nzima, nasi tukaona tumelipa kidogo.

Tukutane Ijumaa ijayo, inshallah. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na awape sababu ya kuyaamini maneno yetu.