Taekwondo: Jina Lisifiche Asili

Wapo wanaodai kwamba taekwondo ina umri wa miaka 2,000 na kwamba imerithiwa moja kwa moja kutoka kwa mashujaa wa kale wa Korea. Nikilichunguza jina lenyewe kiisimu, napata ushahidi mwingine.

Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945. Baadhi ya vijana wa Korea waliosoma Japani walijifunza karate huko, kisha wakaja kuifundisha kwao. Waliiita tangsudo au kongsudo. Nayo ni maandishi ya karate yaliyosomwa kwa matamshi ya Kikorea. Mnamo 1955 Jenerali Choi Hong Hi, naye mwanafunzi wa karate, alipendekeza jina jipya: tae, teke, kwon, ngumi, do, njia. Jina hilo lilikaribiana na taekkyon, mchezo wa jadi wa mateke.

Silaumu ubunifu huo. Taifa ambalo mnamo 1940 watu wake walishurutishwa kujipa majina ya Kijapani lilikuwa na kila haki ya kujichagulia jina. Ninachokataa ni jina kugeuzwa pazia la kufichia historia. Wakorea waliyakuza mateke ya juu na ya kuzunguka hata mchezo ukawa wao kweli, ukatunukiwa medali za Olimpiki huko Sydney mwaka 2000.

Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, wala hakikugeuka Kiarabu. Basi kukiri mkopo si fedheha. Fedheha ni kuukana.