MAZOEZI YA MBIO NDEFU NA SAA YA MASHINDANO



Tangu Chama kilipotangaza kwamba kitapeleka watu wake katika mbio za Kilimanjaro huko Moshi, kila jioni twawaona makarani wa hapa Dar es Salaam wakivua viatu vya ofisini na kutoka kukimbia. Jambo hili ni jema, wala sina nia ya kulilaumu. Lakini nadhani twajitayarisha kwa mbio zisizokuwa zile tutakazokimbia.

Mbio za Moshi, zilizoanza mwaka 2003, hufanywa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati wa joto. Huanza asubuhi mapema, lakini mtu wa nguvu za kadiri akimbiaye kilomita 42 hukutwa na jua la saa nne angali njiani. Tena taabu yenyewe haiko mwanzoni. Yangoja baadaye, pale njia ipandapo kuelekea Mweka, kisha hushuka kurudi mjini. Sasa tazameni mazoezi yetu. Twatoka jua likitua, upepo wa bahari ukitupuliza, twakwenda kilomita 8 katika barabara isiyo na kilima, kisha twarudi tukisifiana.

Wako wasemao kwamba pumzi ni pumzi, na aliye nayo jioni atakuwa nayo asubuhi. Sivyo. Mwili hujifunza kile unachofundishwa. Mtu akifanya mazoezi katika joto kwa siku 10 hata 14, maji ya damu yake huongezeka, jasho hutoka mapema zaidi, na moyo hupiga polepole kuliko siku ya kwanza kwa mwendo ule ule. Akiacha, faida hiyo hupotea katika majuma machache. Na joto si jambo la mzaha. Huko Doha mwaka 2019, mbio ndefu za wanawake za ubingwa wa dunia zilianzishwa karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, na hata hivyo katika wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao walikuwa wateule wa nchi zao, si watu wa mafaili kama sisi.

Kilima nacho kina somo lake. Kupanda huchosha pumzi, kila mtu ajua. Ila wachache hukumbuka kwamba kuteremka ndiko kuumizako mapaja zaidi, maana misuli huvutwa huku ikizuia uzito wa mwili. Njia ya Boston huteremka mwanzoni, kisha baada ya kilomita 25 huleta vilima vya Newton, miguu ikiwa imekwisha kupondwa. Juma Ikangaa wetu, mtu asiyechezea mazoezi, alikuwa wa pili huko mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya kwanza alishindwa kwa sekunde moja tu. (Mwaka huo wa 1989 alishinda New York, tusisahau.)

Basi rai yangu ni hii. Jioni za kazi ziwe za kwenda pole. Mtu aliyekaa mezani tangu asubuhi hana haja ya kujiua. Bali Jumamosi iwe siku ya Moshi. Tuamke saa ile ile tutakayoamka siku ya mashindano, tunywe uji ule ule, tuvae viatu vile vile, tuanze alfajiri na tumalize jua limekwisha kuwaka, tukinywa maji njiani. Vilima vya Pugu vitufae badala ya Mweka, navyo tuviweke mwishoni, miguu ikiwa imechoka. Masafa yaongezwe kidogo kidogo kila juma, na majuma mawili ya mwisho yapunguzwe. Mwenye kuona kizunguzungu asimame kivulini mara moja, wala asionewe haya.

Najua Jumamosi ni siku ya shamba, ya harusi na ya misiba. Lakini nauli ya Moshi hutoka katika ada zetu sote, na si haki kumlipia mtu aende kukaa kando ya njia akishika paja. Halmashauri ya michezo yaombwa ilete jambo hili mbele ya mkutano ujao, ili tupate kuanza Jumamosi ya kwanza ya Januari.