Moteri inayogonga asubuhi

Juma lililopita tuliongea juu ya mbabula na moshi wake ndani ya nyumba. Leo tunajibu ulizo ambalo wengi mmetuletea: kwa nini gari ya chama imelala uani siku 10, na kama ni kweli moteri yake imekufa.

Moteri haijakufa. Lakini ilibaki kidogo tuizike.

Tangu baridi ya Juni ianze hapa Lubumbashi, kila gari ilipowashwa asubuhi ilikuwa inagonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayepiga mlango wa bati kwa ufunguo, halafu inanyamaza. Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja tu, akasema biele zimekwisha, moteri ibadilishwe. Bei aliyotaja ilipita akiba yote ya chama, pamoja na ile tuliyoweka kwa ajili ya minervali ya watoto mwezi wa Septemba. Kamati ikakataa kutoa hata franga moja kabla fundi mwingine hajasikiliza. Huyo wa pili alikuja saa kumi na mbili asubuhi, moteri ikiwa bado baridi kabisa, na ulizo lake la kwanza lilikuwa hili: inagonga muda gani?

Tunataka kila mama mwenye gari, au mwenye mume au mtoto anayeendesha taksi, ajue ulizo hilo. Gari ikilala usiku, mafuta ya moteri yanashuka yote chini. Asubuhi pompa inahitaji kitambo kidogo kuyapandisha tena, na katika kitambo hicho vyuma vinagusana vikiwa karibu vikavu. Kelele ya sekunde 2 au 3 inayokwisha yenyewe, mara nyingi ni mafuta yaliyochelewa. Ikiendelea dakika kadhaa na kupungua pole pole moteri inapopata moto, pengine pistoni zimelegea ndani ya silinda, au bomba la moshi linavuja pale linapoungana na moteri. Gari ya namna hiyo inaweza kutembea bado muda mrefu. Ya kuogopa ni ile sauti nzito ya chini, kama nyundo juu ya gogo, isiyokwisha, inayozidi unapokanyaga asidi au gari inapobeba mzigo. Hapo ndipo biele zinalia. Ukiisikia, au taa nyekundu ya mafuta ikikataa kuzimika, zima moteri palepale na uvutwe kwa kamba. Usiseme nitafika tu nyumbani.

Gari za mazutu zina kelele yao ya asili asubuhi, hizo tutazisemea siku nyingine.

Fundi wetu alianza na vitu vya bei ndogo. Alivuta fimbo ya kupimia mafuta: kiasi kilitosha, lakini yalikuwa meusi na mazito kama molasi. Akatoa kihisio cha presha ya mafuta, mahali pake akafunga saa ya kupimia, akawasha. Sindano ilikaa kwenye sifuri karibu sekunde 4, kisha ikapanda vizuri, na moteri ilipopata moto haikushuka sana. Kwa maoni yetu hakuna mtu anayepaswa kukubali moteri yake ifunguliwe, wala kubadilishwa, kabla ya kipimo hicho. Kinachukua nusu saa tu. Kama biele zingekuwa zimekwisha, presha ingeanguka wakati wa moto.

Kosa lilikuwa kwenye filtri. Ndani ya filtri nzuri mna kiulimi cha mpira kinachozuia mafuta yasirudi chini moteri ikizimwa. Fundi aliikata ya kwetu kwa msumeno: kiulimi kilikuwa kigumu kama ganda la karanga, hakizuii kitu. Filtri mpya yenye kiulimi laini ilitugharimu chini ya mfuko mmoja wa unga wa kilo 25. Mafuta nayo tuliyabadilisha. Yale ya zamani yalikuwa 20W-50. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha jinsi mafuta yanavyotembea wakati wa baridi, na ikiwa ndogo yanapanda upesi zaidi. Kitabu cha gari yetu kinaruhusu 10W-40, ndiyo tuliyotia. Wewe fuata kitabu cha gari yako, usifuate yetu.

Kelele yote haijakwisha. Bado kuna mlio wa sekunde moja hivi, na fundi anasema kikaza cha sheni ya moteri kimechoka. Hicho kitabadilishwa kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu sheni ikiruka jino, valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo kweli tutanunua moteri. Hazina ina pesa ya kutosha kwa kazi hiyo, na minervali haikuguswa.

Neno kwa wale wanaotafuta gari ya kununua: fika mapema, bila kutangaza saa, na uweke mkono juu ya kapo. Kama ni ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Wengine wanatia mafuta mazito sana ili kunyamazisha moteri siku ya kuuza tu.

Shofere wetu ameombwa kuacha moteri izunguke polepole kama nusu dakika kila asubuhi, bila kuivumisha, kabla ya kuondoka.

Safari ya Kasumbalesa itarudi kama zamani mara kikaza kitakapofungwa. Wenye mifuko ya kubeba waandikishe majina kwa mama mtunza hazina. Filtri iliyokatwa iko mezani pake, anayetaka kuona kile kiulimi aombe tu.