Amplifaya ya Valvu na Spika za Sebuleni

Mwezi huu tumepata swali ambalo hatukulitazamia katika ukurasa huu. Mama mmoja wa Mbagala anasema baba watoto ameona amplifaya ya valvu kwa fundi, ya mtumba, na tangu siku hiyo moyo wake haujatulia. Fedha zipo, ila ni zile walizoweka kwa ajili ya ada ya Januari. Anauliza: akatae, au kuna njia ya kujua kama chombo hicho kitafaa kwa spika mbili walizo nazo?

Hatutamwambia akatae. Tunachomwambia ni kwamba waanze kuzikagua spika zao kwanza, ndipo waitazame amplifaya.

Wengi wetu tuliiona redio ya babu, ile ya mbao, ambayo ukiiwasha hukaa kimya mpaka taa zake za ndani zipate moto, ndipo sauti inakuja polepole. Taa zile ndizo valvu. Transista zilizitoa sokoni kwa kuwa ni ndogo na hazili umeme mwingi, lakini wapo wanaozipenda valvu hadi leo. Wanasema sauti yake ni laini, haichomi masikio. Sisi tuliowahi kuisikia hatubishi.

Tatizo ni nguvu. Boksi la sabufa laweza kuandikwa wati elfu na zaidi, na wino haugharimu kitu. Amplifaya ndogo ya valvu hutoa wati 10 tu kila upande, nyingine chini ya hapo. Je, zinatosha? Hapo ndipo spika inapotoa jibu. Nyuma ya spika nzuri, au katika karatasi zake, kuna namba ya desibeli: sauti inayotoka ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Basi spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10 hulia sawa na ile ya desibeli 86 iliyopewa wati 40. Kwa sebule zetu za Temeke na Kinondoni, ambako jirani yuko nyuma ya ukuta na mtoto wake amelala, wati 10 kwenye spika ya 92 ni nyingi kabisa. Kwenye ile ya 86, baba ataongeza sauti hadi ianze kukwaruza, kisha atarudi dukani kutafuta nyingine. Huko ndiko ada inakopotelea.

Namba ya pili ni omu. Amplifaya nyingi za valvu zina matundu ya kuunganishia yaliyoandikwa 4 na 8, na pengine 16. Spika ya omu 8 iende kwenye 8. Kama maandishi yamefutika, fundi apime kwa mita yake: ikisoma karibu na 6, spika hiyo kwa kawaida ni ya omu 8; ikisoma karibu na 3, ni ya omu 4. Na jambo hili mlishike sana: amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Kwa kuwa ni ya mtumba, geuzeni nyuma msome volti. Umeme wetu ni volti 230. Chombo cha Japani hutaka 100, cha Marekani 120. Ukikichomeka ukutani hivi hivi, moshi utaonekana kabla ya wimbo kwisha.

Wenye watoto wadogo, hapa tunasema kwa mkazo. Vioo vya valvu huunguza mkono, na ndani mna volti 300 na zaidi, ambazo zaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Kiwekwe juu, mbali na pazia, chenye wavu wake wa kufunika, na asikifungue mtu ila fundi.

Halafu kuna LUKU. Amplifaya ya valvu ya ukubwa wa kati yaweza kula wati 150 hata wimbo ukiwa wa chini. Kwa saa nne kila siku, hizo ni uniti 18 kwa mwezi. Katika bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, nyumba zenye matumizi madogo zilipewa unafuu hadi uniti 75 tu. Piga hesabu na friji yako.

Kwa hiyo, dada yetu, Jumamosi nendeni wote wawili. Bebeni spika zenu, ndiyo, mzibebe hata kama ni kwa bajaji, pamoja na nyimbo mnazozijua vizuri. Sisi tungechukua za Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama, maana sauti za kwaya huumbua upesi spika isiyopatana na amplifaya. Sikilizeni kwa saa nzima, si wimbo mmoja. Zikikwaruza, rudini na fedha zenu. Zikiimba vizuri, ulizeni bei ya valvu za akiba kabla ya kutoa hata shilingi moja. Siku hizi hutengenezwa Urusi, China na Slovakia, na si kila duka la Kariakoo linaziuza.