Mjomba, Dakota na tarehe ya mkutano

Kamati ya mkutano wa ukoo wetu imekwama pale ambapo kamati nyingi hukwama: tarehe. Vijana wa Dar es Salaam wanataka tusogeze hadi Desemba ya mwakani ili michango itoshe, fulana zichapwe na apatikane MC anayeeleweka. Watu wa Usangi wanasema ni Desemba hii hii, mvua inyeshe isinyeshe. Jumamosi iliyopita kundi la WhatsApp lilichemka tangu asubuhi. Jioni mjomba wangu wa Tanga, ambaye huwa haandiki kitu humo zaidi ya kujibu salamu, akatuma video ya dakika nne bila maelezo. Ilikuwa ni ndege tupu.

Watu wakadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Mmoja akamwekea kidole gumba, mazungumzo yakaendelea. Mimi nilimpigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umeiona?"

"Nimeona ndege, mjomba."

"Si ndege. Dakota."

Msomaji wangu, lazima nikueleze kidogo. Mjomba ana miaka 86. Ujana wake aliumalizia katika karakana ya East African Airways pale Embakasi, Nairobi, mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977 akarudi nyumbani na sanduku la spana. Ndege alizoanza nazo kazi zilikuwa hizo Dakota, zenye injini mbili na mkia unaoburuta chini, ambazo abiria akipanda hupandisha kilima ndani kwa ndani kufika kwenye kiti. Na kabla yake, baba yake, yaani babu yangu mzaa mama, alikuwa keya. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, mvua za masika ya huko ziligeuza njia kuwa uji wa matope, malori yakazama, na vyakula vikawa vinaangushwa na ndege. Nyingi kati ya hizo zilikuwa Dakota. Babu alikuwa akisema kwamba amewahi kula wali ulioanguka kutoka mbinguni, nasi watoto tulicheka tukijua ni hadithi za uzee.

Video ile ilipigwa na binamu yangu anayeishi Uingereza, mtoto wa mjomba, mwanzoni mwa Juni 2019 katika uwanja wa Duxford, jirani na mji wa Cambridge. Zilikutana pale Dakota zaidi ya 20 kutoka nchi mbalimbali, kisha tarehe 5 zikavuka mlango wa bahari hadi Normandy, Ufaransa, zikiwa na watu waliojirusha kwa miavuli ya duara kama ya zamani. Ilikuwa kumbukumbu ya miaka 75 tangu majeshi ya washirika yaliposhuka pwani ile. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 ndege za aina hiyo zaidi ya 800 zilibeba askari wa miavuli zaidi ya 13,000 wa Marekani peke yao.

"Sasa niambie," mjomba akasema, "unadhani walianza kupanga nini kwanza? Fulana?"

Nikanyamaza.

Tarehe ndiyo iliyowapanga wao. Aliyekuwa na miaka 18 siku ile ya vita, mwaka 2019 alikuwa na 93. Kusubiri miaka 80 kungekuwa na maana ya kuwaalika wachache mno. Mmoja wa waliofika, Tom Rice, aliyeruka mwaka 1944 akiwa na Divisheni ya 101, aliruka tena karibu na mji wa Carentan akiwa na miaka 97, safari hii akiwa amefungwa pamoja na mrukaji mwenzake. Alifariki mwaka 2022. Kama waandaaji wangesema ngoja kwanza tujikusanye, tuifanye kubwa zaidi miaka mitano ijayo, mzee huyo asingekuwepo.

Mjomba alinikumbusha pia ya Ohio, Marekani. Aprili 2012 ndege 20 aina ya B-25 zilikusanyika kwenye kiwanja kidogo cha mji wa Urbana, kisha tarehe 18 zikapita juu ya jumba la makumbusho la jeshi la anga, Dayton, kuwakumbuka wanaume 80 walioongozwa na Doolittle kwenda kuishambulia Japani miaka 70 kabla. Kati ya wale 80 walikuwa wamebaki hai watano. Ndege zilikuwa nyingi kuliko wazee, mara nne. Sijui kwa nini hesabu hiyo ilinikaa hivi, lakini nilijikuta nahesabu kwa vidole wazee waliobaki kwetu. Upande wa mama ni watatu.

Lakini usidhani ilikuwa kazi ya kutaja tarehe tu. Ndege 15 hivi zilitoka Marekani, na hizi si ndege za kuvuka Atlantiki kwa mruko mmoja. Zilikusanyika kwanza Connecticut, marubani wakafanya mazoezi ya kuruka kwa kundi, Mei 18 wakapita juu ya mto Hudson pale New York, kisha zikaanza kuruka kama vyura: Goose Bay huko Kanada, halafu Narsarsuaq huko Greenland, halafu Reykjavik, Iceland, halafu Prestwick, Uskoti. Kila kipande ni zaidi ya kilomita 1,200 juu ya maji ya baridi kali, kwa mwendo ambao ndege ya abiria ya leo ingeona aibu, kilomita 260 au 270 kwa saa. Narsarsuaq ni kiwanja kilichojengwa na Wamarekani mwaka 1941 kwa kazi hiyo hiyo ya kuvusha ndege za vita, kimebanwa mwisho wa mkono wa bahari katikati ya milima. Ukikuta mawingu yameziba, huna mahali pengi pa kugeukia.

Na mafuta. Hapa mjomba aliongea kwa robo saa, nami nitafupisha. Dakota hainywi mafuta ya jeti, inakunywa petroli ya ndege, ambayo viwanja vingi vikubwa havina haja nayo tena. Kwa saa moja inamaliza lita 350 hivi. Kwa hiyo mwandaaji lazima ajue mapema kila kituo kitakuwa na lita ngapi, maana ndege 15 zikitua kwa pamoja kwenye kiwanja kidogo zinaweza kukausha matangi na wa mwisho akabaki anaangalia wenzake wakiondoka. Juu ya petroli kuna oili. Injini zile zina silinda 14 zilizozunguka kama petali za ua, na zinadondosha oili popote zinapolala. "Usiogope inayovuja," mjomba alisema. "Ogopa iliyoacha kuvuja."

Fedha je? Vijana wetu wangependa hapa. Ndege iliyoongoza msafara mkuu wa askari wa miavuli mwaka 1944, iitwayo That's All, Brother, ilikutwa miaka mingi baadaye katika yadi ya Oshkosh, Wisconsin, ikingoja kukatwa na kufungwa injini za kisasa. Hakuna aliyejua ni nani, samahani, ni nini. Watu wakaombwa kuchangia mtandaoni. Lengo lilikuwa dola 75,000, zikaja zaidi ya 300,000, na hata hizo zilikuwa za kuanzia tu. Iliruka tena mapema mwaka 2018. Nyingine, Miss Montana, ilikuwa imekaa kama pambo la makumbusho mjini Missoula tangu 2001. Ndiyo iliyowabeba wazima moto wa miavuli mwaka 1949 kwenda kwenye moto wa Mann Gulch, ambako 13 waliteketea. Watu wa mji ule, wengi wakijitolea, waliifufua usiku na mchana, ikaruka Mei 2019, siku chache tu kabla ya kuanza safari ya Ulaya. Mjomba aliiona kwenye video akaijua kwa jina. Alisema hao ndio watu anaowaelewa.

Si kila kitu kilikubali. Baada ya Normandy baadhi ya ndege zilikwenda Ujerumani, ambako Dakota zinapendwa kwa sababu zilibeba unga na makaa ya mawe Berlin ilipozingirwa mwaka 1948. Waandaaji walitamani zitue tena katika uwanja wa zamani wa Tempelhof, uliofungwa tangu 2008 na sasa ni bustani ya watu. Kibali hakikutoka. Inakera, lakini hawakulazimisha.

Hapo nilidhani tumemaliza, nikaanza kuaga. Mjomba akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Huko kwenye kamati yenu, mwenye kalamu ya kukataa ni nani?"

Nikamwambia sijamwelewa. Akanieleza kwamba Embakasi ndege haikutoka karakanani mpaka fundi mwenye leseni aweke sahihi. Meneja angefoka, abiria wangesubiri, rubani angetazama saa, lakini bila sahihi hakuna ndege. Kwenye mikusanyiko ya ndege kongwe kalamu hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa kila mtu amekuja na furaha, na furaha inafanya watu waone haya kusema hapana. Novemba 2022 kwenye maonyesho ya Dallas, Texas, ndege ya kivita ya P-63 iliigonga B-17 hewani mbele ya watazamaji. Watu sita walikufa. Wachunguzi wa Marekani walieleza baadaye kwamba hapakuwa na mpango wa awali wa kuzitenganisha ndege kwa kimo, watu walitegemea maelekezo ya papo kwa papo na macho ya marubani. Wale hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wazima wenye uzoefu, wanaozipenda ndege hizo kuliko mimi na wewe tunavyopenda chochote.

Mimi ndiye msimamizi wa usafiri katika kamati yetu. Na mjomba alijua, maana binti mmoja alimpigia kabla yangu, kwamba tumepewa Coaster ya bure na shemeji yetu mmoja ya kuwapandisha wazee kutoka Mwanga hadi Usangi. Anayeijua barabara ile ya mlimani, kona juu ya kona na bonde chini, hahitaji maelezo. Coaster yenyewe matairi yake ya nyuma yameisha kabisa, yamebaki laini kama kigaga cha mtoto mchanga. Niliyaona Agosti. Sikusema, kwa sababu ni ya bure, kwa sababu ni shemeji, na kwa sababu kila mtu kwenye kundi alishamwekea maua na mikono ya kushukuru.

Nilichelewa kulala siku ile. Jumapili baada ya ibada nilimpigia shemeji. Nilianza na salamu za watoto, nikapitia hali ya mahindi, nikazunguka mpaka yeye mwenyewe akaniuliza nina nini. Nikamwambia gari haliwezi kupandisha wazee na matairi yale. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeudhika kwamba basi tutafute gari letu. Hajaandika kitu kwenye kundi tangu siku ile, na dada yangu, ambaye ni mkewe, ananijibu kwa neno moja moja.

Kamati ilikutana tena Jumanne usiku kwa simu. Nilieleza habari za Duxford kwa kifupi nisionekane nimerukwa na akili. Nikasoma majina ya wazee waliobaki, pande zote, na umri wao. Hakuna aliyetaja mwakani tena. Tumekubaliana Desemba 27 hii, fulana hazitakuwepo, turubai tutaazima kanisani, na fedha iliyotengwa kwa ukumbi itakodi gari zuri. Mjomba atatoka Tanga siku moja kabla, alale Mwanga kwa mpwa wake mwingine ili magoti yapumzike.

Juzi alinipigia tena. Nilidhani anataka kunipongeza.

"Hilo gari mnalokodi," akasema, "matairi yake umeyaona kwa macho yako, au umeambiwa?"

Nimeambiwa. Kesho asubuhi naenda kuyaona.