Gari Kuukuu Linapogoma Asubuhi

Mwezi wa Julai jijini Nairobi ni mwezi wa blanketi, uji moto na magari yanayokataa kuwaka. Ukiamka alfajiri katika mitaa kama Buruburu au Umoja, utasikia stata zikilia kila upande, na watoto waliovalia sare za shule wakiombwa washuke wasukume. Jua likitoka, gari lilo hilo huwaka bila taabu na mwenyewe husahau mpaka kesho yake.

Wengi hukimbilia dukani kununua betri mpya. Pesa za karo zinakwenda, na baada ya wiki mbili gari linagoma tena kwa sababu betri haikuwa na makosa. Msomaji, dalili ya mvua ni mawingu. Kabla hujatoa hata shilingi moja, lisikilize gari lako.

Je, injini inazunguka kwa uvivu, au unasikia mlio wa "ka-ka-ka" tu? Hapo shida ni umeme. Baridi hupunguza nguvu za betri na wakati uo huo huifanya oili kuwa nzito. Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwagia maji moto, sugua kwa brashi, kisha kaza nyaya, pamoja na ule unaofungwa kwenye bodi. Halafu mwombe fundi apime betri kabla ya kuwasha gari. Iliyojaa huwa na volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12 imeishiwa chaji. Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, mtazame altaneta badala ya kuilaumu betri.

Ikiwa injini inazunguka kwa kasi lakini haiwaki, iache betri kabisa. Kinachokosekana ni petroli au cheche. Kwa gari la kabureta, anza na choki. Ondoa kifuniko cha kichujio cha hewa, kisha mtu avute choki. Kile kibati kilicho mdomoni mwa kabureta sharti kifunge. Kebo ikiwa imekatika au kukwama, injini baridi hunyimwa petroli ya ziada inayohitaji.

Choki ikiwa nzima, jaribu kuwasha, kisha fungua plagi moja. Ikiwa kavu, petroli haifiki: kagua pampu, kichujio na mipira. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi cheche ni dhaifu, au umevuta choki kupita kiasi. Kagua plagi, pointi na koili. Na wakati huo sigara iwe mbali!

Wenye magari ya dizeli nao wakague plagi za kupasha moto. Moja ikiungua, injini huwaka kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe.

Aidha, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja; ipumzishe stata. Na kamwe usiliache gari likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, eti lipate joto. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo yaweza kuwaua waliolala chumba cha pili. Heri kuchelewa kazini.

Hatimaye ukienda kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari limekataa. Mwambie: "Stata inazunguka vizuri, choki inafunga, plagi ni kavu." Fundi mwema atakushukuru kwa kumpunguzia kazi. Yule aliyezoea kuuza spea zisizohitajika atajua mara moja kwamba leo amepata mteja mwenye macho.