Tuzo ya Maua Iende Shambani

Katika maonyesho ya bustani yanayotajwa kwa taadhima duniani, yale ya Chelsea, mjini London, ndiyo yenye sifa kubwa. Kwani tangu mwaka 1913, ukiondoa miaka ya vita na maradhi, mabingwa wa maua wamekuwa wakikutana huko, na bustani iliyojengwa kwa majuma kadhaa hutazamwa siku chache, ikapewa medali, kisha ikabomolewa, ingawa siku hizi nyingi huhamishiwa mahali pa kudumu. Sisi wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, tuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, tunayoshirikiana na ndugu zetu wa Lindi katika uwanja wa Ngongo, na huko nako vipando hunyweshwa na kupaliliwa kwa ajili ya juma moja la fahari.

Siwalaumu wanaovipanda, maana mkulima akiiona mbegu kwa macho yake huamini upesi kuliko akihubiriwa. Shaka yangu ni juu ya wakati. Tarehe 8 Agosti, kilele cha Nane Nane, huangukia majira ambayo mikorosho ya Newala, Tandahimba na Masasi imechanua, shada kwa shada, vijiua vyeupe vigeukavyo rangi ya waridi, vyenye harufu tamu, na katika mamia ya vijiua hivyo ni vichache mno vishikavyo tunda. Ndiyo majira ambayo baridi na umande wa alfajiri huleta ubwiriunga, ule unga mweupe uunguzao maua, na aliyechelewa kupuliza salfa amekwisha kupoteza korosho zake kabla ya Oktoba kufika. Alhasili, bustani kubwa kuliko zote za kusini, ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wameitumikia miaka mingi, imechanua wakati ule ule tunapokwenda Ngongo kustaajabia matuta ya kabichi.

Rai yangu ni kwamba tuzo kuu ya Nane Nane ipewe shamba, si kipando: waamuzi wapite wakati wa maua, warejee wakati wa kuokota, na mshindi atangazwe Ngongo mwaka ufuatao. Watakaolalamikia gharama na njia za mchanga wana haki, lakini maafisa ugani wa kata wanazijua njia hizo. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya insafu, kwamba tajiri mwenye salfa tele atamshinda daima mjane mwenye miti thelathini. Basi kila mmoja apimwe kwa wastani wa mti, tena dhidi ya mavuno yake mwenyewe ya msimu uliopita. Kwani tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani ulipoanza hapa mwaka 2007, kilo zinazopelekwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika huandikwa kwa jina la mkulima, na kilichobaki ni kuhesabu miti.